Vitu vya Mnada na Kigoda cha Mama

Usiniambie habari ya vitu vya zamani. Nimeishi navyo. Siku hizi wajukuu wangu wakiona kabati la Kaburu katika nyumba ya mtu, wanasimama kulipapasa, wanasema mbao kama hizo hazipatikani tena. Mimi nikiliona kabati kama hilo mgongo unaniuma. Nakumbuka nikipita kando yake kwa ubavu, sufuria ya uji mkononi, mtoto mgongoni, nikitafuta mlango wa nyumba yangu mwenyewe.

Mume wangu alikuwa mchukuzi katika uwanja wa mnada hapa Eldoret, siku zile wazee wa kazi bado wakiuita mji huu Sisibo, kwa jina la shamba nambari sitini na nne la Wazungu. Mashamba yote yalikuwa ya Wazungu, na Wazungu nao hawakukosa shida zao. Huyu ngano yake imeliwa na kutu, yule mkewe amekufa, mwingine amechoka na baridi na matope anataka kurudi kwao. Basi vitu vyao vinatolewa nyumbani, vinapangwa kwenye nyasi, mpiga mnada anagonga nyundo, na jioni kila kitu kina mwenyewe mpya. Kile kilichokosa mtu, chenye mguu uliovunjika au kioo kilichopasuka, tajiri alimwambia mume wangu akichukue tu, kisikae njiani. Naye hakuwahi kukataa. Waswahili husema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kibaya cha Eldoret kilijitembeza moja kwa moja mpaka kwangu.

Na kwangu kwenyewe kulikuwa wapi? Chumba kimoja katika lokesheni, mtaa wa Waafrika, dirisha moja, mlango mmoja, jikoni ni nje chini ya bati pamoja na akina mama wengine. Katika chumba hicho tulikuwa na kabati la nguo ambalo nguo zetu zote hazikujaza hata pembe moja. Tulikuwa na meza ya mapokezi yenye miguu ya simba, mitatu ya mbao na mmoja wa matofali. Sanduku la safari lililokuja uwandani huku juu ya gari la ng'ombe na Makaburu wa kwanza, limefungwa vyuma, halina ufunguo. Saa ya ukutani isiyo na mishale. Kabati la nyama lenye wavu, nasi nyama tuliiona Krismasi. Pembe za kongoni. Birika za chai zisizo na midomo, sijui ngapi. Watoto wangu wawili walilala chini ya meza, na asubuhi ilikuwa lazima mmoja ajigonge kichwa ndipo nijue wameamka.

Halafu kitanda. Hicho kilitoka shamba moja la huko Sugoi, kitanda cha shaba, kirefu na kipana, chenye vichwa vya mviringo kwenye nguzo zake. Mume wangu alikileta vipande vipande juu ya mkokoteni, akakifunga humo humo ndani kwa nati, na kilipomaliza kufungwa kilikuwa kimekula nusu ya chumba. Nilimwuliza ni nani aliyefia juu yake. Akasema hakuuliza. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na hiki tulikilalia, tukawajua.

Hakuwa mtu mbaya, nisije nikamsingizia. Hakunywa, hakunipiga, Jumapili tulikwenda kanisani pamoja. Ila alikuwa na neno moja, iko siku. Iko siku atajenga nyumba kwetu magharibi, nyumba ya vyumba vinne, na kila kitu hiki kitapata mahali pake. Mimi nikamwambia nyumba yenyewe haina hata shimo la nguzo moja, na fanicha yake imeshanizeesha. Akacheka. Jumamosi iliyofuata akaleta kinara cha mishumaa. Mtu unachoka hata kukasirika. Unafagia pale panapofikika, unakwenda zako kuteka maji.

Ndipo ikaja habari ya mama yangu. Mtu wa kwetu aliyeshuka treni kutafuta kazi alipita kunieleza kwamba mama haoni tena. Jicho moja limekwisha kabisa, la pili linaona kivuli tu. Alikuwa ameanguka motoni nyumbani kwake, mkono ukaungua. Ni mjane, anakaa peke yake, na ndugu zangu wako mashamba ya chai. Nilikwenda hospitali ya Waafrika nikauliza. Wakaniambia huo huenda ni mtoto wa jicho, na kwamba daktari wa macho hupita kwa zamu, na zamu yake ilikuwa karibu. Mama aletwe. Akishapasuliwa atalala wodini siku kadhaa, kisha atatoka na bendeji na kukaa karibu na hospitali mpaka daktari arudi kuifungua. Mhudumu alinishika bega akanionya. Katika siku hizo asijigonge, asijikwae, asianguke. Akijigonga kichwa, jicho limekwenda.

Nilirudi nyumbani nikasimama mlangoni nikatazama chumba changu. Mimi mwenye macho mawili nilikuwa na alama miguuni kama mtoto wa shule.

Tena kulikuwa na jambo zito kuliko hilo. Kwetu mkwe na mama wa mkewe hawaonani hivi hivi. Wakikutana njiani, mmoja anaingia majanini mpaka mwingine apite. Na kitanda cha mkwe, mama mkwe hakioni, sembuse kulala chumba kimoja nacho. Ni mwiko, ni aibu ambayo hata watoto wa watoto watasimuliwa. Mama alikuwa amebatizwa, anajua nyimbo za kitabuni kwa moyo, lakini maji ya ubatizo hayakugusa jambo hilo, wala yangu hayakuligusa. Kwa hiyo kitanda kitoke. Na kitanda kisingeweza kutoka, maana mbele yake kulikuwa na kabati, na mbele ya kabati sanduku, na mbele ya sanduku meza, na juu ya meza dunia nzima.

Nilijiandaa kwa vita. Nilipanga maneno yangu njia nzima kutoka mtoni. Mume wangu alisikiliza, akauliza mama anakuja lini. Nikamwambia Alhamisi anaingia hospitalini. Akavua koti. Hakusema iko siku.

Mama alipoletwa kwa treni nilimpeleka moja kwa moja wodini, na alipokuwa amelala huko tukaanza kutoa. Nati za kitanda zilikuwa zimeshika kutu. Alizimwagia mafuta ya taa, akaazima spana kwa fundi, akazifungua moja moja huku akihema. Vitu vikatoka mpaka uwanja mbele ya mistari ya nyumba ukajaa. Majirani walikuja kutazama, wakasimama mbali mikono kifuani kama watu waliofika matangani. Mume wangu alipoweka saa ile juu ya nyasi alijinyoosha, akatazama vitu vyake vilivyopangwa pale, naye ndiyo kazi yake kila wiki kuona vitu vya watu juu ya nyasi.

"Ni kama tumekufa sisi," akasema.

Nilikuwa nafagia. Ninyi hamjui raha ya kufagia chumba kutoka ukuta hadi ukuta bila ufagio kugota popote. Nilimwaga maji, nikasugua, nikafungua dirisha ambalo sikuwa nimelifikia tangu tuhamie. Nilibakiza godoro la nyasi, mkeka, sufuria zangu, jiko la kuotea moto, na nguo zetu juu ya misumari. Nilifurahi, sitaficha. Nilikaa chini katikati ya sakafu peke yangu nikanyoosha miguu yote miwili.

Vitu tuliviweka nyuma ya jikoni, chini ya turubai kuukuu la uwanja wa mnada. Kitanda alikipeleka chumba cha vijana makapera mwisho wa mstari, akalala huko pamoja nao. Vijana wale walimtania sana, walimwita mfalme kwa sababu ya zile shaba, naye alivumilia.

Mama alipotoka hospitalini nilimshika mkono mpaka mlangoni. Bendeji ilifunika macho yote mawili. Alisimama nje ya kizingiti, akakataa kuinua mguu, akaniuliza kwa sauti ya chini kama kitanda cha mkwewe kimetoka. Nikamwambia kimetoka. Akauliza na viatu vyake. Nikavitoa viatu. Ndipo akaingia.

Alikaa kwangu muda mrefu kuliko tulivyotazamia, maana zamu ya daktari ilichelewa. Watoto walimfundisha njia ya kutoka godoroni mpaka mlangoni, na baada ya siku chache akawa anatembea mwenyewe, mikono mbele, polepole, bila kugusa kitu. Akaniambia nyumba yangu ni nzuri, mtu hapati cha kujigonga. Nilisikia kichwa kikivimba kwa sifa. Mume wangu alimtumia salamu kupitia kwangu, naye akamrudishia kupitia kwangu, nami nikawa kama posta. Jioni moja ya mvua mume wangu alipita haraka kuchukua koti lake kwenye msumari. Mama alisikia kikohozi chake tu, akageuka na uso wake ukaelekea ukutani, na bendeji yake vile vile. Mume alipokwisha kwenda nilishindwa, nikacheka.

"Mama, si huoni?"

"Yeye anaona," akasema.

Mvua ya mwaka huo sitaisahau. Kwanza ilikuwa mvua ya kawaida ya huku kwetu, ya alasiri, halafu ikaja ya mawe. Ilipasua turubai kama karatasi. Kabati lilivimba likafumuka mgongo, meza ya simba ikapiga magoti, wavu wa nyama ukajaa matope. Mzee wa lokesheni akaja na bwana afya, wakasema takataka zile ziondolewe, panya wataleta ugonjwa. Mume wangu alizitazama, akazipapasa, akachukua shoka. Mbao nyingine tulizichoma jikoni. Akina mama walisema moto wake ni mzuri, haufuki moshi. Sanduku la vyuma alimpa mtu wa Kiplombe aliyetaka kuwekea mahindi. Birika, saa na kinara, sijui vilikwenda na nani. Mimi nilikuwa na mgonjwa wangu, sikuuliza. Nikijiuliza moyoni, nilikuwa nasema afadhali.

Daktari alirudi. Alifungua bendeji mbele yangu, akampa mama miwani mizito, vioo vyake vinene kama chini ya chupa. Jicho moja lilikuwa limekataa. La pili likafunguka, likatoa machozi, likatangatanga, likanifikia mimi. Mama alinitazama hata nikaona haya. Akasema nimekonda. Siku zote zile kwangu alikuwa ananisikia sauti tu, na sauti haikondi.

Njiani hakunyamaza. Alisimama kila hatua. Aliuliza ule ni mti gani, nikamwambia mkaratusi, akasema anajua ni mkaratusi, anataka tu kuutaja. Aliona gari la ng'ombe, aliona bendera, aliona Mhindi akifungua duka lake. Alicheka peke yake. Mimi pia nilikuwa nacheka, machozi yananitoka. Ningekuwa na akili ningemchelewesha barabarani mpaka jioni.

Kwa sababu tulifika nyumbani, akavuka kizingiti kwa miguu yake, akainua miwani yake, akatazama. Alitazama ukuta huu, akatazama ule. Akatazama misumari. Aliangalia jiko, na sufuria, na mkeka, na chini ya dirisha ambapo hapakuwa na kitu. Kicheko kikamtoka usoni. Akakaa godoroni polepole.

"Mwanangu," akasema, "ndivyo mnavyoishi?"

Nilimweleza. Nilimweleza yote, kabati, meza, saa, sanduku, mvua ya mawe. Nilisema tulivitoa kwa ajili yake, asijigonge. Alikuwa anaitika kwa kichwa, taratibu, kama unavyomwitikia mtoto anayesema uongo mzuri. Mwishowe akanipigapiga goti. Akasema alinilea vizuri, mke mwema hamvui mumewe nguo mbele ya watu. Nikaapa. Akasema nisiape, ni dhambi. Nilitoka nje nikatafuta nyuma ya jikoni hata mguu mmoja wa simba nimletee, nikakuta majivu. Kilichokuwa kimebaki cha kumwonyesha kilikuwa kimoja tu, kitanda cha shaba, kiko pale pale mwisho wa mstari, kinang'aa. Na kitanda cha mkwe hakionyeshwi. Nilisimama nje nikachoka mwili mzima.

Alirudi kwetu kwa treni, daraja la tatu, miwani yake usoni, ananipungia mkono mpaka treni ikapinda. Usoni hakuwa na hasira na mtu. Alikuwa ameshakata shauri, mimi sikulijua.

Mzigo wa kwanza uliletwa na binamu yangu aliyekuwa anakuja kutafuta kazi ya kuni kule Burnt Forest. Vyungu viwili, kimoja cha kupikia mboga, kimoja cha maji, vimefungwa kwa majani ya migomba visipasuke. Nilishukuru, ni nani asiyeshukuru chungu cha mamake? Halafu mama mmoja wa kanisa la kwetu akaja na ungo na vikapu. Halafu kibuyu cha maziwa. Halafu jiwe la kusagia, na mtoto wake wa jiwe, ndani ya gunia. Hebu fikiria mtu anapanda treni na jiwe la kusagia. Karani wa stesheni alidhani amebeba risasi. Mume wangu ndiye aliyekwenda kulichukua, maana mabega yalikuwa yake. Alilibeba kutoka stesheni mpaka lokesheni, akaliweka katikati ya chumba, akasimama akifuta jasho.

"Mama yako amenifanya maskini," akasema.

Alilisema bila ukali, akatoka nje. Kwetu mama mkwe hakupi vyombo isipokuwa ameona kwamba bintiye hana. Watu wote katika treni ile, watu wa kwetu wote, walikuwa wanabeba habari hiyo pamoja na vikapu. Mwanamume aliyekuwa na kabati la Kaburu, na saa, na pembe za kongoni! Uwanja wa mnada aliendelea kwenda, kazi ni kazi, lakini kuleta kitu nyumbani aliacha. Jumamosi alirudi mikono mitupu. Nilikuwa nimeomba Mungu miaka mingi nione Jumamosi ya namna hiyo, na nilipoiona haikuwa tamu. Neno lake la iko siku nalo sikulisikia tena.

Kuvirudisha sikuweza. Vyombo vilivyotoka kwa mama vikirudi kwa mama, watu wanajua ndoa nayo inavifuata. Kuviuza sikuweza, kuvitupa ndiyo kabisa. Basi vikakaa. Kitanda cha shaba kilikuwa kimesharudi ndani, na vyungu vikapangwa pale palipokuwa sanduku, vikapu juu ya vyungu, ungo juu ya vikapu, jiwe la kusagia pale ambapo lazima kidole cha mguu kikute. Cha mwisho kuja kilikuwa kigoda, cha miguu mitatu, kimechongwa katika gogo moja, kimelainika juu kwa kukaliwa. Nilikijua. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nachapwa nikikikalia, maana kilikuwa cha wageni. Nilipokipokea nilipaswa kuelewa, lakini nilikuwa nimechoka na vitu, nikakisukuma chini ya dirisha pamoja na vingine. Nikaanza tena kupita kwa ubavu.

Krismasi nilipata nafasi, nikawachukua watoto tukaenda kumwona. Nilibeba sukari na kipande cha kitambaa. Mama alituona kutoka mbali, akatuita kabla hatujafika kwenye migomba, anajivuna kwamba ametutambua kwa mwendo. Alitembea mbele yetu akaingia ndani, nami nikaingia nyuma yake, nikangoja macho yazoee giza.

Nyumba ilikuwa imefagiliwa. Mafiga matatu, chungu kimoja kilichopasuka mdomo, mkeka wake. Basi. Ukutani zilikuwa zimebaki alama za mahali vikapu vilipokuwa vimetundikwa tangu nizaliwe, na sakafuni shimo dogo lililochimbwa na jiwe la kusagia kwa miaka mingi. Nikamwuliza anasaga wapi. Akasema kwa jirani. Nikamwuliza anachotea nini maji. Akasema nisihangaike, mtu mmoja anahitaji vitu gani?

"Umeniona lakini," akasema. "Natembea vizuri sasa. Hakuna cha kujigonga."

Kisha akakumbuka kwamba mimi ni mgeni. Akanyoosha mkono kuelekea kando ya moto, mahali ambapo mgeni wa nyumba ile amekalishwa siku zote, akaniambia nikae. Mkono ukabaki hewani. Tulipatazama pale, yeye kwa jicho lake moja na mimi kwa mawili. Nikakusanya kanga yangu, nikakaa chini.